Mkulima wa Asia Mbele ya Dola: Vitabu Vinne kwa Anayetaka Kuchagua

Mwanafunzi wa sayansi ya siasa au sosholojia anayeanza kusoma habari za Asia ya Kusini-Mashariki hukutana mapema na swali moja lililowagawa wataalamu kwa karibu nusu karne: mkulima mdogo anayebanwa na mwenye shamba, mkopeshaji na mtoza kodi hufanya nini, na kwa nini afanye hilo badala ya jambo jingine? Vitabu vinne ninavyovilinganisha hapa vinalijibu swali hilo kwa njia nne, na sehemu kubwa ya utamu wake ni kwamba vinajibizana. Cha kwanza ni “The Moral Economy of the Peasant” cha James C. Scott, kilichotolewa mwaka 1976. Cha pili ni “The Rational Peasant” cha Samuel Popkin, kilichofuata mwaka 1979 kikimpinga Scott waziwazi. Cha tatu ni “Weapons of the Weak” cha mwaka 1985, ambamo Scott huyohuyo aliziacha nyaraka za wakoloni akaenda kuishi kijijini Malaysia. Cha nne ni “The Power of Everyday Politics” cha Benedict Kerkvliet, kilichotoka mwaka 2005, kinachohusu wakulima wa Vietnam chini ya ushirika wa lazima.

Mara nyingi wanafunzi huvichagua vitabu hivi kwa kufuata nadharia: anayevutiwa na maadili ya jamii humchukua Scott, anayevutiwa na hesabu za uchumi humchukua Popkin, kisha mjadala huishia hapo. Naona njia hiyo inampunja msomaji. Nadharia ya kila kimoja inaweza kuelezwa kwa ukurasa mmoja, na mwalimu yeyote mzuri ataieleza darasani kwa dakika ishirini. Kisichoweza kufupishwa ni ushahidi, yaani yale ambayo mwandishi aliyaona au aliyasoma, na namna alivyoyapima. Kwa hiyo nitavilinganisha kwa kuuliza kila mwandishi alisimama wapi alipokuwa akimtazama mkulima, na kutoka hapo aliweza kuona nini.

Maji ya shingoni: kitabu cha 1976

Scott anafungua kitabu hiki kwa taswira aliyoichukua kwa R. H. Tawney, mwanahistoria Mwingereza aliyeandika juu ya China mwaka 1932: mkulima aliyesimama ndani ya maji yanayomfika shingoni, ambaye wimbi dogo tu latosha kumzamisha. Msomaji wa Kiswahili hahitaji ufafanuzi mrefu hapo, kwa kuwa lugha yetu ina usemi uleule wa maji kumfika mtu shingoni. Tofauti ni kwamba kwetu usemi huo hutaja dhiki iliyokwisha kumkaba mtu na ambayo anatafuta njia ya kutoka, ilhali kwa Tawney na Scott hiyo ndiyo hali ya kila siku, mwaka hadi mwaka, hata pale mavuno yanapokuwa ya kawaida.

Mtu anayeishi katika hali hiyo, Scott anasema, hapangi kilimo chake kwa kutafuta faida kubwa kabisa, bali kwa kukwepa hasara itakayowaua watoto wake kwa njaa. Atashikilia mbegu anayoijua hata akiambiwa kwamba mpya huzaa zaidi katika miaka ya heri. Atamvumilia mwenye shamba anayechukua nusu ya mavuno kuliko yule anayedai idadi ileile ya magunia kila msimu bila kujali ukame wala mafuriko, ingawa kwa hesabu ya miaka kumi huenda yule wa kwanza akawa amechukua zaidi. Machoni pa mkulima, kipimo cha haki ni kile kinachobaki ghalani baada ya wakubwa kuchukua chao. Hoja hiyo ndiyo kiini cha kitabu, na ikikuingia vizuri utaanza kuzisoma upya taarifa nyingi za kodi za wakoloni popote zilipotozwa.

Ushahidi wake unatoka Burma ya Kusini na Vietnam ya enzi za Wafaransa. Katika nchi zote mbili serikali ya kikoloni ilitoza kodi ya kichwa isiyopungua hata mavuno yalipoharibika. Katika delta ya mto Irrawaddy wakulima walilima mpunga wa kuuza nje kwa mikopo ya Wachettiar kutoka India ya Kusini. Na bei ya mchele ilipoanguka katika mdororo wa dunia ulioanza mwaka 1929, deni na kodi vilibaki palepale. Desemba 1930 uasi ulioongozwa na Saya San ulianza katika wilaya ya Tharrawaddy, na mwaka huohuo wakulima wa Nghe An na Ha Tinh, katikati ya Vietnam, walichoma ofisi na madaftari ya kodi na kuunda mabaraza yao wenyewe. Kwa Scott, maasi hayo yalikuwa kilio cha watu waliopokonywa haki ya kuishi ambayo desturi iliwahakikishia.

Hapa msomaji makini atasita. Kutokana na miaka ilivyokuwa imepita na vita vilivyokuwa vikiendelea, Scott hakuwasikiliza wakulima hao. Aliyasoma maneno yao ndani ya ripoti za maofisa ambao kazi yao ilikuwa kueleza kwa nini watu waliasi na nani awajibishwe. Tunaambiwa kwamba mwenye shamba wa zamani alitarajiwa kusamehe sehemu ya deni mwaka wa njaa, lakini ni mara ngapi alisamehe kweli, na alimsamehe nani? Kitabu hakina njia ya kutujibu kwa uhakika. Jambo la heshima ni kwamba Scott mwenyewe, katika sura ya mwisho, anakiri kuwa dhuluma isiyozaa uasi ndiyo hali ya kawaida zaidi duniani. Kukiri huko ndiko kulikozaa kitabu chake cha pili katika orodha hii.

Fedha za upatu zinakaa kwa nani? Kitabu cha 1979

Popkin aliichukua picha hiyo ya kijiji chenye maadili akaiuliza swali ambalo kila aliyewahi kucheza upatu au kibati analijua: fedha za wote zinakaa kwa nani, na nini kinamzuia asizile? Yeye alikwenda Vietnam Kusini katika miaka ya 1960, na kitabu chake kinachanganya kazi hiyo na historia ya vijiji vya nchi nzima tangu kabla ya Wafaransa.

Anavyoona yeye, kijiji cha kale cha Vietnam kilikuwa mbali na familia moja kubwa inayogawana shida. Kilikuwa na wazee wa baraza walioshika madaftari ya kodi, waliogawa ardhi ya pamoja, na walioamua nani ahesabiwe mwenyeji aliyeandikishwa na nani abaki mgeni asiye na haki katika ardhi hiyo. Wazee hao hawakuwa malaika. Mzigo wa kodi ulioletwa kutoka juu waliupanga upya ndani ya kijiji kwa namna iliyowalemea wanyonge, na ardhi ya wote iliwanufaisha wao kwanza. Vietnam ina mithali isemayo kwamba sheria ya mfalme hushindwa na desturi ya kijiji. Wengi huinukuu kama sifa ya uhuru wa kijiji dhidi ya dola. Mtu aliyemaliza kumsoma Popkin hawezi tena kuisikia bila kujiuliza ni nani aliyekuwa akiitunga desturi hiyo.

Mkulima wa Popkin hupiga hesabu. Yuko tayari kubahatisha akiba yake ndogo ikiwa anaona njia ya kupanda, na hushirikiana na wenzake pale tu ambapo kila mmoja anaweza kuona mchango wa mwingine, kama katika vikundi vidogo vya kulimiana kwa zamu. Jambo la wote linapokuwa kubwa kiasi kwamba hata asiyechangia atafaidi, kila mmoja humwachia mwenziwe, na jambo halifanyiki. Hoja hii ina asili yake katika kazi ya mwanauchumi Mancur Olson ya mwaka 1965, lakini Popkin anaifikisha mahali ambapo Olson hakufika, yaani kwenye dini na mapinduzi. Anachunguza jumuiya nne zilizofanikiwa kuwakusanya wakulima: Kanisa Katoliki, Cao Dai, dini iliyoanzishwa mwaka 1926 na yenye makao yake Tay Ninh, Hoa Hao, iliyoanzishwa mwaka 1939 katika delta ya Mekong, na Chama cha Kikomunisti. Zote nne, anasema, zilianza na manufaa madogo yanayoonekana upesi, kama kumsaidia mtu katika kesi ya shamba au kumfundisha kusoma, na zote zilikuwa na viongozi ambao wakulima waliamini kwamba hawatakula michango yao. Wengi wa waliozifuata hawakutaka kuurudisha utaratibu wa kale. Walitaka kuvunja nguvu za wakubwa wa kijiji ili nao wanufaike na soko.

Hii ndiyo sehemu bora ya kitabu, na kwa maoni yangu hakuna kati ya vile vingine vitatu kinachoeleza vizuri hivyo jinsi chama au dini inavyojengwa kutoka chini. Mtu anayetafiti ushirika wa akiba na mikopo, chama cha siasa, au kikundi cha kidini mahali popote atapata humo maswali ya kwenda nayo uwandani.

Udhaifu wake hudhihirika hesabu inapofika mwisho. Tarehe 12 Septemba 1930 ndege za Kifaransa ziliwapiga mabomu maelfu ya wakulima waliokuwa wakiandamana huko Hung Nguyen, katika mkoa wa Nghe An. Mtu anayepima faida na hasara yake peke yake angebaki nyumbani siku hiyo na kungoja wengine wamfutie kodi. Waliokwenda walikuwa na kitu kingine moyoni, iwe hasira, imani au aibu ya kuwaacha jirani zao, na kitu hicho Popkin anakitaja kwa mbali bila kukipa nafasi kinayostahili. Isitoshe, uandishi wake ni mkavu. Sura za kwanza za nadharia zinahitaji uvumilivu, na asiyezoea lugha ya uchumi atalazimika kuzirudia.

Siku mia saba katika kijiji kimoja: kitabu cha 1985

Kwa takriban miaka miwili, kati ya 1978 na 1980, Scott aliishi katika kijiji chenye kaya zipatazo 70 katika uwanda wa Muda, jimbo la Kedah, kaskazini-magharibi mwa Malaysia. Alikiita Sedaka, jina ambalo si lake halisi, ili kuwalinda watu wake. Mradi mkubwa wa umwagiliaji ulikuwa umewawezesha wakulima wa uwanda huo kuvuna mpunga mara mbili kwa mwaka, na mwanzoni karibu kila mtu alipata ahueni, kwa kuwa vibarua nao walipata misimu miwili ya kazi. Kisha, katikati ya miaka ya 1970, zikaja kombaini. Kazi ya kuvuna na kupura iliyokuwa ikiwapa maskini sehemu kubwa ya mapato yao ikachukuliwa na mashine, na wenye mashamba wakagundua kwamba hawawahitaji tena jirani zao.

Hakukuwa na uasi. Hilo ndilo linalokifanya kitabu hiki kiwe cha lazima, kwa sababu kinaingia mahali ambapo vile viwili vya kwanza havikufika: maisha ya watu walioonewa ambao hawashiki mapanga. Scott anatuonyesha wapuraji wanaoacha makusudi punje nyingi kwenye mabua ili wake na watoto wao waje kuziokota, magunia ya mpunga yanayopotea usiku, betri za kombaini zinazokutwa mtaroni na mchanga uliotiwa katika matangi ya mafuta, na masengenyo yanayomchafulia tajiri jina mpaka anashindwa kulala. Kiswahili kina maneno mengi ya kuelezea mambo haya, tukianza na kutegea na kudokoa hadi mgomo baridi, na nadhani msomaji wetu atajikuta akivielewa vitendo hivyo kabla mwandishi hajavieleza.

Kuna ukaribu mwingine wa lugha ambao ungemfaidi sana msomaji wa pwani na visiwani. Watu wa Sedaka ni Waislamu wa Kimalay, na mabishano yao juu ya utajiri hufanyika kwa maneno yenye asili ya Kiarabu ambayo nasi tunayo: zaka, sadaka, haji. Wenye mashamba walikuwa na desturi ya kuwapa wavunaji zaka baada ya mavuno, juu ya ujira wao. Matajiri waliona huo ni ukarimu. Maskini waliona ni haki ya mtu aliyetoa jasho. Kombaini ilipoingia desturi hiyo ilikatika, maana mashine haipewi zaka, na ugomvi wa maneno ukawa juu ya nani sasa anastahili kuitwa Mwislamu mwema. Vilevile tunasoma juu ya mkopo wa ardhi uitwao “jual janji”, ambapo mkopaji humuuzia mkopeshaji shamba lake kwa ahadi ya kulinunua tena ifikapo siku fulani, na akishindwa shamba limekwenda. Njia hiyo ya kukwepa jina la riba inafanana sana na mauzo ya khiyari yaliyokuwa yakifanyika Zanzibar na Oman katika karne ya 19, ambayo kwayo mashamba mengi ya mikarafuu yaliwekwa rehani.

Wahusika wawili wanabaki akilini kuliko wote. Razak ni maskini anayeombaomba na kudokoa; matajiri humtaja kila mara wanapotaka kuthibitisha kwamba maskini hawasaidiki. Haji Broom ni bahili aliyekusanya mashamba ya watu kwa mikopo ya aina ile, na ingawa wakati wa utafiti alikwisha kufa, maskini waliendelea kumsimulia kila walipotaka kuonyesha jinsi utajiri unavyopatikana. Kila upande una hadithi yake, na kila hadithi ni silaha. Sijui kitabu kingine cha siasa za Asia kinachoonyesha kwa uwazi hivyo jinsi umbea wa barazani unavyoweza kuwa siasa.

Scott hafichi kushindwa. Vikundi vya wanawake waliokuwa wakipandikiza mpunga kwa ujira vilijaribu kuwanyima kazi wenye mashamba waliokuwa wa kwanza kukodi kombaini. Hawakutamka mgomo, walitoa udhuru na kuchelewa. Wenye mashamba waliposema wataleta vikundi kutoka nje, wanawake walirudi shambani, kwa sababu hawakuweza kupoteza na kazi iliyobaki. Anaeleza pia jinsi vifaa vya serikali vya kukarabati nyumba vilivyogawiwa wafuasi wa UMNO, chama kilichokuwa kikitawala, na kuwaruka wa PAS, chama cha Kiislamu cha upinzani, hata kama hao wa pili walikuwa maskini zaidi, ili tusidhani kwamba kijiji kilikatwa vipande viwili tu, tajiri na maskini.

Ninalo pingamizi moja zito. Scott anahesabu wizi mdogo kuwa upinzani pale unapomlenga tajiri, lakini Razak alidokoa hata kwa jirani zake maskini. Nia ya mtu tunaijuaje, ikiwa kitendo chenyewe kinafanywa gizani na mtendaji hatakiri? Mwandishi anajitahidi kulijibu swali hili katika sura ya saba, na sitasema ameshindwa, ila mwanafunzi asiikubali kila dalili ya ukaidi kuwa siasa kwa sababu tu Scott ameipa jina zuri. Sura ya nane, inayobishana na mawazo ya Gramsci, mwanafikra Mmarx wa Italia, juu ya utawala wa fikra, ni nzito kuliko zote na inaweza kuachwa mpaka usomaji wa pili.

Kutegea kulikobadili sera: kitabu cha 2005

Swali ambalo Sedaka haikuweza kulijibu ni kama silaha hizi ndogo huwahi kushinda. Kerkvliet, ambaye alianza na utafiti wa uasi wa Wahuk, wakulima waliopigana na serikali nchini Ufilipino, analijibu kwa mfano wa Vietnam, nchi ileile iliyogombaniwa na Scott na Popkin, ila sasa mtoza kodi ni serikali ya mapinduzi ambayo wakulima wengi waliisaidia kushika madaraka.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Vietnam ya Kaskazini iliwaingiza wakulima katika vyama vya ushirika. Ardhi, nyati na majembe ya kukokotwa viliwekwa pamoja, watu walifanya kazi kwa vikosi, na kila mmoja aliandikiwa alama za kazi ambazo mwisho wa msimu ziligeuzwa kuwa mpunga. Kila kaya iliachiwa kipande kidogo cha kulima yenyewe, sehemu iliyojulikana kama ardhi ya asilimia 5. Kerkvliet alipekua nyaraka zilizohifadhiwa Hanoi na kuwahoji wanavijiji wa delta ya Mto Mwekundu, na picha anayoitoa ni ya watu waliowahi asubuhi kwenye kipande chao wakaenda kwa kujikongoja kwenye shamba la wote. Mbolea nzuri ilibaki nyumbani. Miche ilichomekwa upesi ili alama zihesabiwe, iote isiote. Viongozi wa ushirika nao waliandika hesabu zisizokuwapo, jambo lililowapa wakulima sababu zaidi ya kutegea.

Baadhi ya maofisa wa chini waliona na wakawaelewa. Kim Ngoc, katibu wa chama katika mkoa wa Vinh Phuc, aliruhusu mwaka 1966 mashamba ya ushirika yakabidhiwe kaya kwa mkataba, na mwaka 1968 alikemewa na wakubwa wake na mpango ukafutwa. Lakini mikataba ya kisirisiri iliendelea huku na kule. Mwaka 1981 chama kilitoa agizo lililohalalisha kuzipa kaya mashamba kwa mkataba wa mavuno, na mwaka 1988 azimio jingine likazirudishia kaya uamuzi karibu wote juu ya kilimo. Mwaka 1989 Vietnam, iliyokuwa ikiagiza chakula, iliuza nje zaidi ya tani milioni moja za mchele.

Kerkvliet hadai kwamba kutegea peke yake kuliiangusha sera. Vita, uhaba wa chakula na hali ya uchumi wa nchi vyote vimo katika maelezo yake. Anachosisitiza ni kwamba bila mamilioni ya watu kufanya kazi shingo upande kwa miaka ishirini, wakubwa wasingekuwa na sababu ya kubadili mwelekeo, na kwamba hayo yalitokea bila chama cha upinzani, bila maandamano, na bila kiongozi mmoja wa kukamatwa. Hoja hiyo inaigusa nadharia ya Popkin mahali pa ndani sana: jambo la wote lilifanikiwa bila mtu wa kulipanga. Kama kitabu cha kusoma kwa raha, hiki hakifiki cha 1985. Wanavijiji wake hawana majina yanayokaa akilini, na sura za katikati zinarudia mambo yaleyale kutoka ushirika mmoja hadi mwingine. Nguvu yake iko katika urefu wa muda inaofuatilia na katika namna anavyounganisha shamba na ofisi ya kamati kuu.

Nani aanze na kipi

Mwenye muda wa kitabu kimoja tu achukue kile cha 1985, ingawa kina karibu kurasa 400 na ndicho kirefu kuliko vyote. Sababu yangu ni ileile niliyoanza nayo: ndicho pekee ambamo unaweza kumkatalia mwandishi kwa kutumia ushahidi wake mwenyewe, kwa kuwa amekuwekea mezani maneno ya watu, hesabu za mashamba na matukio yaliyomwendea kinyume. Mwanafunzi atakayekisoma namna hiyo atajifunza kazi ya utafiti wa kijijini kuliko atakavyojifunza katika kitabu cha mbinu.

Anayeandika juu ya kodi, njaa au maasi ya enzi za ukoloni hana budi kuanza na cha 1976, ambacho hakifiki kurasa 250 na kinasomeka vizuri, lakini asikitumie bila kusoma angalau sura za Popkin zinazohusu kijiji cha kabla ya ukoloni na kile cha wakati wa ukoloni. Kuvisoma viwili hivyo kwa wiki moja, kimoja asubuhi na kingine jioni, ndiyo njia ninayoipendekeza, kwa sababu vinasoma nyaraka za aina moja na kuona vijiji viwili tofauti kabisa. Mtu wa uchumi, wa ushirika au wa vyama vya siasa anaweza kuanza na Popkin moja kwa moja na kuziruka sura za Scott zinazohusu Burma.

Kitabu cha Kerkvliet ningempa kwanza mtafiti wa Tanzania anayeshughulikia Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja, ya miaka ya 1973 hadi 1976. Watafiti hao kwa kawaida huelekezwa kwenye sura ya Scott juu ya ujamaa katika “Seeing Like a State” ya mwaka 1998, au kwenye kitabu cha Goran Hyden cha mwaka 1980 juu ya wakulima ambao dola ya Tanzania haikuweza kuwashika. Vyote viwili vina thamani, ila kimoja kinatazama kutoka kwenye ramani ya mpangaji na kingine kutoka kwenye udugu wa kijijini. Kerkvliet anaonyesha kile kilicho katikati: agizo lilivyoshuka, lilivyotekelezwa nusunusu, na taarifa ya utekelezaji huo ilivyopanda tena hadi juu. Mahali palipokuwa na mashamba ya bega kwa bega, maswali yake juu ya mbolea, alama na vipande vya nyumbani yanaweza kuulizwa karibu yalivyo.

Lipo pengo ambalo vitabu vyote vinne vinachangia. Waandishi wake wote ni Wamarekani, na waliingia katika nchi hizi kwa kupitia maswali yaliyowashughulisha Wamarekani wakati wa vita vya Vietnam na baada yake. Hilo halipunguzi uaminifu wao, lakini msomaji anastahili kusikia sauti nyingine. Kwa Vietnam, aweke mezani “Before the Revolution” cha Ngo Vinh Long, kilichotolewa mwaka 1973, ambacho nusu yake ni tafsiri za maandishi ya Wavietnam wenyewe ya miaka ya 1930 juu ya njaa, kodi na riba vijijini. Hapo ndipo mkulima aliyekosekana katika ripoti za maofisa anaposikika kwa karibu zaidi. Kwa Malaysia, Shamsul A. B. aliandika mwaka 1986 kitabu “From British to Bumiputera Rule” juu ya siasa za wilaya moja ya Selangor, na kukisoma baada ya Sedaka kutamwonyesha mwanafunzi jinsi fedha za maendeleo zilivyopita mikononi mwa viongozi wa chama kabla hazijafika kwa mwenye shamba wala kwa kibarua.